Mwendo wa Nenana Hata Nome

Katika lugha yetu neno mwendo lina maana mbili zilizofungamana. Twasema "mwendo wa haraka" tukikusudia namna ya kwenda, na twasema "mwendo wa siku tatu" tukikusudia umbali wa mahali. Waliolitumia neno moja kwa mambo mawili hawakufanya hivyo kwa uchache wa maneno. Kwa msafiri, umbali wa nchi hauwezi kutengwa na jinsi anavyokwenda. Safari ile ile ni fupi kwa aliye na jahazi katika kaskazi, na ni ndefu kwa yule aliyelazimika kungoja upepo ugeuke. Kipimo cha maili kilipoenea kilileta faida kubwa, lakini kilituzoeza pia kudhani kwamba umbali ni kitu kilichokaa ardhini kama jiwe, kisichoongezeka wala kupungua, na kwamba mtu akishaipima ramani kwa rula amekwisha ujua.

Insha hii yataka kuichunguza dhana hiyo kwa kufuata khabari za miji miwili ya kaskazini ya mbali, Nenana na Nome, katika nchi ya Alaska. Miji hiyo imechaguliwa kwa sababu katika majira ya baridi ya mwaka 1925 swali la umbali baina yake lilikuwa swali la kuishi au kufa kwa watoto, na wenye madaraka walilazimika kuchagua baina ya vipimo viwili vya safari moja: saa za ndege au siku za mbwa. Kwa kuyatazama yaliyotukia wakati huo na baadaye twaweza kuona kwamba umbali una historia yake kama vile wafalme na vita vilivyo na historia. Na kwamba kila unapopunguzwa kwa watu fulani, kuna watu wengine ambao kwao huongezeka.

Tuanze na ramani. Nenana i ndani ya nchi, mahali ambapo mto uitwao kwa jina hilo hilo huingia katika mto Tanana. Nome i pwani ya magharibi, katika Rasi ya Seward, ikielekea Bahari ya Bering. Miji yote miwili imekaa karibu sawasawa katika latitudo ya nyuzi 64 na nusu kaskazini, chini kidogo ya Duara ya Aktiki, hata mtu akitoka Nenana akaelekea magharibi bila ya kupinda, ataifikia Nome. Mstari wa moja kwa moja baina yake ni maili 480 hivi, yaani kilomita 780. Lakini njia ya mbwa iliyotumika mwaka 1925 ilikuwa ya maili 674, kilomita 1,085. Tofauti hiyo ya karibu maili 190 haikutokana na uzembe wa waliochonga njia. Njia ilifuata mto Tanana hata ukutanapo na mto Yukon, ikateremka na Yukon mpaka Kaltag, ikavuka nchi kavu mpaka Unalakleet penye bahari, kisha ikaizunguka Ghuba ya Norton mpaka Nome. Mito iliyoganda ilikuwa barabara tambarare katika nchi isiyo na barabara. Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Na mstari wa rula, ukiulizwa habari za milima na mabonde, ni mwongo wa namna hiyo.

Hata hiyo idadi ya maili 674 haitoshi kutueleza umbali wa Nome, kwa sababu umbali huo ulibadilika kwa miezi. Nome ilizaliwa na dhahabu. Dhahabu ilipogunduliwa huko mwaka 1898, na mwaka uliofuata ikaonekana hata katika mchanga wa ufukoni, maelfu ya watu walifika kwa meli, na hesabu ya watu ya mwaka 1900 ilikuta watu zaidi ya 12,000. Walifika kwa urahisi wa namna yake kwa sababu bahari ilikuwa wazi. Lakini bahari ile huwa wazi katika miezi ya kiangazi tu. Ilipofika Novemba barafu iliifunga, na meli ya mwisho ilipokwisha ondoka, mji uliokuwa karibu na Seattle kwa njia ya maji ulikuwa kisiwa ndani ya nchi kavu. Jambo hili si geni kwa watu waliozoea misimu ya upepo: bandari moja huweza kuwa jirani katika mwezi mmoja na kuwa ng'ambo ya dunia katika mwezi mwingine. Dhahabu ilipopungua watu walitawanyika, na kufikia mwaka 1925 Nome ilikuwa na watu wasiozidi 1,500, wenyeji wa asili wakiwa sehemu kubwa kati yao.

Katika miezi ya barafu kulikuwa na njia moja tu ya kuiunganisha Nome na dunia, nayo ni ile ya mbwa. Mbwa walifungwa kwa hatamu mbele ya sleji, yaani gari lisilo na magurudumu literezalo juu ya theluji, na mwongozaji akasimama nyuma yake au akakimbia kando. Wenyeji wa Alaska walikuwa wakisafiri kwa mbwa kabla Warusi na Wamarekani hawajafika, na serikali ya Marekani, iliyoinunua nchi hiyo kwa Warusi mwaka 1867, ilipotaka kupeleka barua ilijifunza mwendo wa wenyeji. Mwaka 1923 reli kutoka bandari ya Seward ilikamilika, na Rais Warren Harding alipigilia msumari wa dhahabu kule Nenana tarehe 15 Julai mwaka huo. Tangu hapo barua za Nome ziliteremshwa Nenana zikatiwa katika sleji. Kwa desturi zilichukua siku 25 hivi kufika.

Siku hizo 25 zisidhaniwe kuwa ni maili 674 zilizogawanywa tu. Kandokando ya njia palikuwa na nyumba za kupumzikia wasafiri, kila moja umbali wa siku moja au chini ya hapo kutoka mwenzake, na baina ya nyumba hizo palikuwa na vijiji vya Waathabaska kwenye mito na vya Wainupiati pwani. Mchukua barua alilala, akala, akawapa mbwa wake samaki mkavu, akatoa habari na kupokea habari. Umbali wa Nenana hata Nome ulikuwa mnyororo, na kila pingili ya mnyororo huo ilikuwa na watu walioijua barafu ya mahali pao: mahali ilipokuwa nene na mahali ilipodanganya.

Mnyororo huo ulipitisha mema na mabaya pia. Homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 ilipoingia Nome kwa njia ya meli, ilienea vijijini pamoja na wasafiri wa sleji. Katika kijiji kiitwacho leo Brevig Mission, kaskazini-magharibi ya Nome, watu 72 kati ya 80 hivi walikufa kwa muda wa siku 5 katika Novemba ya mwaka huo. Wenyeji walikuwa wamekaa mbali na magonjwa ya wageni kwa karne nyingi, na umbali ule ulikuwa ngome yao. Haifai basi kumsifu kila apunguzaye umbali bila ya kuuliza ni nini kilichopita katika mlango alioufungua. Nao watu wa Nome walipoona dalili za maradhi mengine katika Januari 1925, kumbukumbu ya miaka saba nyuma ilikuwa bado mbichi.

Maradhi hayo yalikuwa dondakoo, ugonjwa unaoziba koo za watoto kwa utando mpaka wakashindwa kuvuta pumzi. Dawa yake, ile seramu inayovunja sumu ya ugonjwa, ilikuwako Nome, lakini ilikuwa imepita muda wake. Mganga pekee wa mji, Dkt. Curtis Welch, alikuwa ameagiza dawa mpya katika kiangazi cha 1924, lakini haikufika kabla ya bandari kufungwa. Tarehe 22 Januari 1925 alipeleka simu ya upepo kuomba msaada. Katika hospitali ya Anchorage zilipatikana yuniti 300,000 za seramu, kiasi cha kuwatosha wagonjwa 30 hivi. Furushi lake halikuzidi ratili 20. Likapakiwa katika gari moshi kwenda Nenana, na hapo ndipo swali lilipoanza: tangu Nenana mpaka Nome, ni mbali kadiri gani?

Palikuwa na majibu matatu. Kwa desturi ya posta, siku 25. Kwa mwongozaji hodari kuliko wote, Leonhard Seppala, Mnorway aliyefanya kazi katika kampuni ya migodi kule Nome, siku 9, nazo ndizo zilizokuwa upeo wa mbio zilizojulikana. Kwa ndege, saa 5 au 6. Jibu hili la mwisho halikuwa ndoto. Katika kiangazi cha 1920 ndege nne za jeshi la Marekani zilitoka New York tarehe 15 Julai zikafika Nome kabla ya mwezi wa Agosti kwisha. Na tarehe 21 Februari 1924, katika baridi, Carl Ben Eielson, aliyekuwa mwalimu wa shule kule Fairbanks, alipeleka barua kutoka Fairbanks mpaka McGrath, maili 270 hivi, kwa muda uliopungua saa 3. Safari ambayo mbwa waliifanya kwa muda wa karibu wiki tatu. Aliyeijua habari hiyo, akachukua kalamu na kugawanya maili 480 kwa kasi ya Eielson, alipata saa 5. Mjumbe wa Alaska katika Baraza la Washington, Dan Sutherland, alitaka ndege itumike, na magazeti yakamuunga mkono. Watoto wanakufa, walisema, na ninyi mwachagua mbwa?

Aliyepaswa kuamua alikuwa Gavana Scott Bone, naye alichagua mbwa. Kwa muda mrefu uamuzi wake umesimuliwa na wapenzi wa ndege kama woga wa mtu wa zamani. Lakini tukiupima kwa makini twaona kwamba Gavana hakulinganisha saa 5 na siku 9. Alilinganisha ahadi na desturi. Ndege zilizokuwako Fairbanks zilikuwa zimefunguliwa vipande vipande na kuwekwa kwa ajili ya majira ya baridi. Zilikuwa wazi juu, rubani akikaa katika upepo, na injini zake zilipozwa kwa maji katika nchi ambayo siku hizo baridi ilifika nyuzi 46 chini ya sifuri kwa kipimo cha sentigredi. Marubani wenye uzoefu walikuwa nje ya nchi. Hata majaribio ya Eielson yalikuwa yamekatizwa na Idara ya Posta baada ya ajali.

Tena kuna jambo la mchana, ambalo halionekani katika hesabu ya maili na saa. Mwishoni mwa Januari, katika latitudo ya Nenana na Nome, mchana hauzidi saa 7. Ndege ya wakati ule haikuwa na taa za kuiongoza usiku wala chini hapakuwa na taa za kuipokea. Safari ya saa 5 au 6 ilipaswa kutoshea ndani ya mchana huo, bila ya kuchelewa kuwasha injini, bila ya kuteremka kutia mafuta, bila ya ukungu wala tufani katika Ghuba ya Norton. Kama lo lote kati ya hayo lingetokea, safari isingekuwa ya saa 5 wala ya siku 9, bali isingekuwa na mwisho. Na yuniti 300,000 zote zilizokuwako karibu zingelala theluji pamoja na rubani. Mwendo wa mbwa ulikuwa mrefu, lakini mwisho wake ulijulikana. Hapa ndipo kipimo cha tatu cha umbali kinapojitokeza, baada ya maili na baada ya saa, nacho ni hakika ya kufika. Mahali pa karibu ni pale ambapo mtu aweza kuahidi kufika, na akafika.

Lakini Gavana hakuridhika na siku 9 pia. Aliamuru mbwa wapokezane, na amri hiyo ndiyo iliyoubadilisha umbali. Usiku wa tarehe 27 Januari "Wild Bill" Shannon aliipokea dawa kwenye kituo cha reli cha Nenana, na tangu saa hiyo furushi halikulala. Waongozaji 20 na mbwa wapatao 150 walilipitisha mkono kwa mkono. Shannon alifika Tolovana uso wake umeungua kwa baridi. Edgar Kallands, Mwathabaska, alipofika Manley Hot Springs, inasimuliwa kwamba mwenye nyumba ya wasafiri alimwagia maji ya moto mikono yake ili iachane na mti wa sleji. Charlie Evans aliwapoteza mbwa wawili kwa baridi, akajifunga hatamu yeye mwenyewe akavuta mahali pao. Seppala alikuwa ametoka Nome kuja kuilaki dawa, akasafiri maili 170 kabla ya kuipokea karibu na Shaktoolik. Aligeuka akakata barafu ya Ghuba ya Norton katika tufani, mbwa wake mzee Togo akiwa mbele, akaichukua dawa maili 91, kipande kirefu kuliko vyote. Aliyeipokea mwisho, Gunnar Kaasen, sleji yake ilipinduliwa na upepo, na furushi likaanguka thelujini. Akalitafuta kwa mikono mitupu gizani hata akalipata. Tarehe 2 Februari, saa 11 na nusu alfajiri, aliingia Nome. Dawa ilikuwa imeganda, lakini haikuvunjika chupa hata moja, na ilipoyeyushwa ilifaa.

Safari nzima ilikuwa ya saa 127 na nusu, siku 5 na kitu. Msomaji akigawanya atapata kasi ya maili 5 na kidogo kwa saa, ambayo si kasi ya ajabu. Kijana mwenye afya aweza kukimbia hivyo kwa muda. Mbwa wa 1925 hawakuwa wepesi kuliko mbwa wa posta. Kilichoziondoa siku 20 katika siku 25 kilikuwa kule kutosimama, na kutosimama kuliwezekana kwa sababu kila baada ya maili 30 au 40 alikuwako mtu aliyekesha, mbwa wake wakiwa tayari. Ni wakazi wa njia walioipunguza njia. Wengi wao walikuwa wenyeji, Waathabaska wa mito na Wainupiati wa pwani, waliokuwa wakichukua barua za serikali katika vipande hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka.

Jinsi sifa ilivyogawanywa baadaye ni sehemu ya historia hii ya umbali. Magazeti ya New York yalikuwa na simu ya upepo kutoka Nome, basi yalimwona yule aliyefika Nome. Mbwa wa Kaasen, Balto, alisimamishiwa sanamu katika bustani ya Central Park mnamo Desemba 1925, na sanamu hiyo ingaliko. Waathabaska waliobeba dawa katika vipande vya katikati hawakuonekana hivyo, na majina yao hayakuingia katika vichwa vya habari. Kadhalika hesabu ya vifo: zile zilizoandikwa rasmi katika Nome hazikufika kumi, lakini Dkt. Welch mwenyewe aliamini kwamba watoto wengi zaidi waliugua katika kambi za wenyeji nje ya mji, ambako vifo havikuandikwa. Yule aliye mbali na mwandishi huwa mbali na kumbukumbu, hata kama barabara yapita mlangoni pake.

Siku ile ile ya tarehe 2 Februari 1925, dawa ilipowasili Nome, kule Washington ilitiwa sahihi sheria iliyowaruhusu wenye kampuni za watu binafsi kuchukua barua za serikali kwa ndege. Kukutana kwa tarehe hizo mbili kulikuwa bahati tu, bali kunafaa kama alama ya zama mbili kupishana. Shehena ya pili ya seramu, iliyotoka Seattle, ilipofika Nenana mnamo Februari, jaribio la kutumia ndege lilishindikana, nayo ikapelekwa kwa mbwa. Lakini mwaka uliofuata Noel Wien alirusha ndege ya abiria kutoka Fairbanks mpaka Nome, na mnamo 1927 safari za kawaida zikaanzishwa baina ya miji hiyo. Safari ya wiki tatu ilikuwa safari ya siku moja.

Gharama ya badiliko hilo haikuonekana upesi. Barua zilipohamia angani, mchukua barua aliacha kulala katika nyumba za njiani, na nyumba hizo zikakosa mapato zikafungwa moja baada ya moja. Njia iliyotunzwa kwa kupitwa haikupitwa tena, ikameza miti na nyasi. Kijiji kilichokuwa siku mbili kutoka jirani yake, na ambacho kilipata habari za dunia mara kwa mara kwa kuwa kilikuwa njiani, sasa kiliiona ndege ikipita juu bila ya kusimama. Nome na Fairbanks zilikaribiana. Waliokuwa katikati walisogezwa mbali, bila ya hata mmoja wao kuhama. Baadaye viwanja vidogo vya ndege vilijengwa vijijini na ndege ndogo zikaanza kuteremka, na hivyo umbali wao ukapungua tena. Lakini tangu hapo kila kijiji kilifungwa na mji mkubwa kwa uzi wake peke yake, na nyuzi zile zilizokifunga na jirani zake zilikwisha legea. Mchukua barua wa mwisho wa mbwa katika Alaska aliacha kazi mwaka 1963, katika kisiwa cha Saint Lawrence. Mashindano ya mbwa ya Iditarod, yaliyoanza kukimbiwa kutoka Anchorage hata Nome mwaka 1973, yaliasisiwa na watu walioona kwamba pamoja na njia hiyo ilikuwa ikipotea elimu nzima.

Wala ndege haikuleta ile hakika ambayo Gavana Bone aliikosa. Mnamo Mei 1926 chombo cha angani kilichoitwa Norge, kikiwa na Roald Amundsen, Lincoln Ellsworth na Umberto Nobile, kiliruka kutoka Spitsbergen, kikapita juu ya Ncha ya Kaskazini, kikakusudia kuteremka Nome. Baada ya siku tatu angani na safari ya maili zaidi ya 3,000, hali mbaya ya hewa ilikilazimisha kuteremka Teller, maili 70 hivi kabla ya Nome. Bahari yote ya Aktiki ilivukwa. Kipande cha mwisho, ambacho mbwa wangekimaliza kwa siku mbili, kilishindikana. Eielson mwenyewe alipotea katika Novemba 1929, aliporuka kutoka Teller kwenda kuchukua shehena katika meli iliyonaswa na barafu pwani ya Siberia.

Leo ndege za jeti hutoka Anchorage zikafika Nome kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kama ndege ya namna hiyo ingeruka moja kwa moja kutoka Nenana, ingekuwa angani muda wa saa moja na kidogo, ambao ni karibu sawa na muda utumiwao na jua kutoka mji mmoja mpaka wa pili: jua hukingia Nome dakika 65 baada ya kukingia Nenana. Yaani abiria angeweza kuondoka Nenana alasiri akafika Nome jua likiwa karibu pale pale alipoliacha. Ni vigumu kufikiri mwendo uliokaribia zaidi kuufuta umbali. Hata hivyo, mpaka leo hakuna barabara iiunganishayo Nome na miji mingine mikubwa ya Alaska. Mji huo, uliokuwa na watu wapatao 3,700 kwa hesabu ya 2020, wategemea anga na bahari kama mwaka 1925.

Matukio mawili ya karne hii yatosha kuonyesha maana yake. Mwishoni mwa 2011 tufani iliizuia meli iliyokuwa ilete mafuta ya majira ya baridi, na bahari ikafungwa. Ndege zilikuwako, na marubani walikuwako, na muda wa kuruka ulikuwa ule ule wa saa moja na nusu. Lakini mafuta yaliyohitajiwa yalikuwa galoni zaidi ya milioni moja, na kuyapeleka yote kwa ndege kungegharimu mno. Katika Januari 2012 meli ya Kirusi iitwayo Renda iliyaleta, ikitanguliwa na meli ya walinzi wa pwani wa Marekani iliyoivunja barafu. Kwa furushi la ratili 20 Nome ilikuwa karibu. Kwa mafuta ya mji mzima ilikuwa mbali vile vile kama ilivyokuwa kwa babu zao. Umbali hubadilika kwa uzito wa mzigo.

Tukio la pili ni la msiba. Tarehe 6 Februari 2025, ikiwa ni karne moja na siku nne tangu dawa ilipowasili, ndege ndogo ilitoka Unalakleet alasiri kwenda Nome ikiwa na watu 10. Safari hiyo ni ya kawaida, ya muda wa saa moja hivi; mwaka 1925 dawa ilichukua siku mbili kutoka Unalakleet hata Nome. Ndege haikufika. Kesho yake ilikutwa juu ya barafu ya Ghuba ya Norton, ghuba ile ile aliyoikata Seppala, na wote 10 walikuwa wamekufa. Katika pwani ile ndege ndogo ndizo basi, ndizo gari la wagonjwa, ndizo posta. Wapandao hawajihesabu kuwa mashujaa. Hao 10 hawakuwa wakishindana na umbali. Walikuwa wakienda tu, kwa kuwa ratiba ilisema ni saa moja.

Mambo haya yote yaturudishe katika lile neno letu. Mtu akiulizwa Nenana na Nome zaachana kiasi gani, aweza kujibu maili 480, au 674, au siku 25, au saa 127 na nusu, au saa moja na kidogo, na kila jibu litakuwa la kweli kwa mwendo wake na wakati wake. Mwanafunzi wa historia asomaye kwamba mji fulani ulikuwa "mbali" hana budi kuuliza: mbali kwa nani, katika mwezi gani, kwa chombo gani, akiwa na mzigo gani, na kwa hakika kiasi gani ya kufika? Asipouliza hayo atawahukumu watu wa kale kwa ramani ambayo hawakutembea juu yake, kama walivyomhukumu Gavana wale waliogawanya maili kwa kasi wakasahau mchana.

Na aulize pia swali lililo gumu zaidi, yaani ni nani walioukaa umbali huo. Kwa mwenye kuruka juu, nafasi iliyo baina ya miji miwili ni muda wa kungoja, na ikipungua ni faida tupu. Lakini nafasi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa Tolovana na Ruby na Nulato na Shaktoolik, na nyumba zenye moto ndani, na watu waliokesha wakisikiliza sauti ya mbwa wakija. Katika wiki moja ya mwaka 1925 watu hao waliibeba njia mikononi mwao, kipande kwa kipande, na watoto wa Nome wakapona kwa sababu baina ya mji mmoja na wa pili walikuwako watu.